Oveni ya Mama Persis

Ijumaa hiyo Nyakerario alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi, na wala hakuwa anasali. Alikuwa mbele ya oveni, kibiriti mkononi, shingo imepinda, anaubembeleza moto. Unashika vizuri. Anaufungia mlango polepole, anasimama, anajipangusa magoti, anajiambia leo mambo yamekaa sawa. Akigeuka tu kuchukua unga, puu, umezimika. Basi anafungua dirisha gesi itoke, anangoja, anarudi chini tena. Mara ya kwanza aliulaumu upepo. Mara ya tatu aliulaumu mtungi. Mara ya sita alikuwa ameanza kumwangalia paka wa jirani kwa jicho baya.

Tusimcheke. Kesho yake ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana, ile inayokuja mara moja kwa kila robo ya mwaka, na mkate wa meza hiyo safari hii ulikuwa juu yake. Kanisa lao dogo lililo chini ya kilima cha Nyanchwa lilikuwa limekula mkate wa Mama Persis tangu Nyakerario akiwa msichana wa kwaya. Unga wa ngano, maji, mafuta kidogo, chumvi ya kuonja, hamira hapana. Mkate mwembamba, umechorwa mistari ili uvunjike bila kubembelezwa. Lakini sasa mikono ya Mama Persis ilikuwa inatetemeka, hata chai ilifika mdomoni nusu kikombe, nusu kifuani. Wakati wa kumpa mtu mwingine kazi ulikuwa umefika, na kila shemasi alilijua hilo.

Watu walidhani atamchagua mmoja wa wale wapole, wanaoongea kwa kunong'ona na kutembea kwa ncha za vidole. Akamchagua Nyakerario. Nyakerario mwenye mdomo wake! Yeye aliyewahi kusimama katikati ya kikao na kumwambia mweka hazina kwamba paa linavuja na maombi peke yake hayazibi bati. Minong'ono ikawa mingi, wengine wakisema mkate wa Bwana unataka mkono mtulivu.  Mama Persis aliita pikapu, akaipakia oveni yake mwenyewe, ile ya zamani yenye milango miwili na rangi iliyokwisha kwenye vishikio, akampelekea Nyakerario nyumbani. Alisema tu kwamba oveni hii inaijua kazi, na kwamba atakuja Ijumaa jioni kuuchukua mkate, aulaze kwake mpaka asubuhi kama alivyozoea.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, si apike kwa makaa? Kisii nzima watu wanaoka keki kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu, na keki inatoka safi. Ndiyo, lakini Mama Persis alikuwa na sheria zake mbili, na mashemasi wote walizijua: mkate wa Bwana haunuki moshi, na haununuliwi dukani. Juu ya hizo kulikuwa na sheria kubwa zaidi, ambayo haikuwa ya Mama Persis. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia. Hapo hukandi, huoki, huwashi kitu. Kama mkate haujaiva jua likiwa bado linaonekana, basi hakuna mkate.

Na kilichomkaba Nyakerario rohoni hakikuwa hata aibu yake mwenyewe. Oveni hiyo kwa Mama Persis haikuzima hata siku moja. Imefika kwake, inazima. Watu wangesema nini? Wangesema hata chuma kimemjua alivyo. Na mama wa watu, katika uzee wake, angeambiwa alichagua vibaya. Hilo Nyakerario hakuweza kulimeza.

Ndipo akampigia simu Sabir.

Sabir alikuwa fundi wa majiko mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara walio karibu na msikiti, ambao babu zao walikuja na bidhaa wakakaa, wakaoa, wakawa watu wa Kisii kama watu wengine. Kikisii chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa kijijini, na maringo yake yalikuwa mazuri zaidi. Alikuwa na msemo wake kwamba hakuna moto Kisii na Nyamira usiomjua kwa jina. Alifika kwa pikipiki na mkoba wa ngozi begani, akasalimia, akaulizia watoto, ng'ombe na majani chai, kisha akaitazama oveni kama mtu anayemtazama mdaiwa wake.

Akaeleza, maana Sabir hawezi kufanya kazi bila kueleza. Ndani ya oveni kuna kijiti kidogo cha shaba ambacho kazi yake ni kuota moto. Kikipata joto, kinaiambia koki kwamba moto upo, iache gesi ipite. Kikichafuka, hakisikii joto, na koki inafunga gesi kwa kudhani moto umezimika. Ni ulinzi tu, ili watu wasilale na gesi ndani ya nyumba. Kijiti hiki, alisema, kimeshika masizi ya miaka. Akakifungua kwa spana, akakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa, akakirudisha, akakaza nati. Akawasha. Moto ukakaa. Nyakerario alitaka kumkumbatia ila dini zote mbili zilikataa, basi akampa chai. Sabir akainywa amesimama, kwa sababu ilikuwa Ijumaa kwake pia na sala ya adhuhuri haimngojei mtu. Akaondoka akijisifu mpaka getini.

Pikipiki haijafika barabara ya lami, moto ukazimika.

Hapo Nyakerario alipandwa na hasira za kwao zote. Alipiga simu, simu imefungwa. Akapiga tena. Alitunga maneno, akayapanga, akayanoa, akayaweka tayari mdomoni kama mtu anayepanga mawe ya kurusha. Alikanda unga huku anayakariri. Tapeli. Mdomo mrefu, kazi fupi. Yalikuwa maneno mazuri, na ni hasara kwamba hayakutumika. Kwa sababu Sabir alirudi mwenyewe, bila kupata hata neno moja kwenye simu. Alipowasha simu baada ya sala akaona jina la Nyakerario mara nyingi, hakuuliza, akaelekeza pikipiki Nyanchwa akiwa bado na kanzu nyeupe na kofia. Alisimama mlangoni akavua viatu.

"Mama, asubuhi nimekosea," alisema. "Nilikuwa na haraka ya sala, nikatibu ugonjwa niliozoea kuuona. Nipe nafasi niuone huu wa kwako."

 Katika maisha ya Nyakerario mafundi wamemdanganya, wamemkwepa, wamemzimia simu, mmoja alimwachia bomba linamwaga maji akaenda kuoa. Hakuwahi kumwona fundi amekuja kwa miguu yake kusema nimekosea kabla hajatukanwa. Moyo wake ulilainika palepale. Alimtandikia gunia safi sakafuni, na alipoona kanzu ile nyeupe inashuka kuelekea unga uliomwagika, akampa na aproni yake yenye maua. Sabir akaivaa bila maneno.

Akaanza upya, kama mtu ambaye hajawahi kuiona oveni hiyo. Akabadilisha regyuleta ya mtungi, akaweka yake aliyoiamini. Moto ukashika, ukakaa kidogo, ukafa. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kutafuta kipovu kinachocheza, hakuna. Akafunga dirisha, akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa. Moto ukashika, ukakaa, ukafa. Kila ulipokufa walifungua tena dirisha, wakangoja hewa isafike, na kila walipongoja Nyakerario aliliangalia jua. Lilikuwa limekwisha vuka juu ya mji, sasa linashuka upande wa Suneka.

Katikati ya hayo Mama Persis akafika. Alikuja na fimbo yake na kitambaa cheupe kimekunjwa kifuani, kile cha kufungia mkate. Akamkuta mwanamume wa Kiislamu amelala kifudifudi jikoni na aproni ya maua, na mkate umekwisha kukandwa na kusukumwa na kuchorwa mistari, umetulia kwenye trei, mbichi. Nyakerario aliona bora ardhi ipasuke immeze. Alijaribu kueleza, maneno yakamgongana. Mama Persis akavuta kiti, akakaa karibu na mlango. 

Sabir ndiye aliyemsemesha. Akamuuliza kwa adabu, bila kuinuka, kwake oveni ilikaa wapi. Karibu na dirisha vilevile, alijibiwa. Mtungi ulikuwa wa ukubwa gani? Huuhuu. Na moto, mama, ulikuwa wa rangi gani? Mama Persis alifikiri, akasema ulikuwa wa buluu tangu mwanzo hadi mwisho, kama ua la uwanjani. Basi Sabir akanyamaza. Wanaomjua Sabir wanajua ukimya kwake ni jambo la kuogopesha. Akavuta ile droo ya chini, akaitoa kabisa, akaweka shavu sakafuni, akamwomba Nyakerario awashe na asiguse kitu.

Safari hii hakuangalia kama moto unazimika. Aliangalia unavyozimika. Ulianza buluu, mfupi, mkali. Ukakaa hivyo. Halafu ukaanza kuwa manjano kwenye ncha, ukarefuka, ukayumba, ukawa unatafutatafuta pembeni mwa chuma, na mwisho ukainama ukafa.

"Huu moto haukatwi," alisema akiwa bado chini. "Ungekuwa unakatwa ungekufa ghafla. Huu unakosa pumzi."

Akageuza bisibisi, akagonga sakafu ya oveni kwa mpini. Haikulia kama bati. Ilitoa mlio mzito, bila mwangwi. Akagonga tena. Akapitisha kidole ukutani mwa oveni kutafuta mwisho wa sakafu, asiupate.

"Mama, hii si bati."

Nyakerario akasema si bati, ndiyo, ni jiwe la mume wake. Na akalisema kwa fahari. Ondieki, mume wake, alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, na oveni ilipofika aliona sakafu yake ya bati imepinda kwa uzee.  Kila jioni alipima kwa kamba, akaenda, akarudi, na mwisho akaja na bamba moja la jiwe, jeusi kwa kung'arishwa, akaliteremsha ndani likakaa sawasawa, huwezi kupitisha hata unywele. Tundu la kuwashia alilitoboa mahali pake hasa. Vile vitundu virefu vya pembeni mwa bati alivifunika, akidhani ni vya urembo au ni kutu. Kila mtu wa huku anajua jiwe la sabuni linashika joto na kulitunza. Mkate wa Bwana ungelala kwenye joto lililo sawa kila upande. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake, kwa sababu maneno matamu Ondieki hakujaliwa.

Sabir akaeleza taratibu kwamba vitundu vile si urembo. Hapo ndipo hewa ya moto inapopandia. Ukiviziba, moto unaishi kwa hewa iliyobaki chini, ukiimaliza unakufa. Jiwe litoke.

"Halitoki," akasema Nyakerario.

Alilisema haraka, na mwenyewe akashtuka. Alijua jua liko wapi. Alijua nani amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Lakini aliziona pia zile jioni zote, mume wake ameinama na kamba yake kwenye mwanga wa taa, na hakuweza kuwa yeye wa kulitoa jiwe lile nje kama takataka. Sabir hakumbishia. Alikaa kitako kwenye gunia, akaupangusa uso, akangoja. Walikuwa bado hivyo Ondieki alipoingia kutoka kazini na vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Ilibidi aambiwe. Sabir ndiye aliyemwambia, wazi, fundi kwa fundi, bila kupunguza wala kuongeza. Ondieki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua magunia mawili makavu, akapiga magoti, akaingiza vyuma viwili vyembamba kwenye tundu la kuwashia, akalivuta jiwe taratibu. Lilikuwa la moto vibaya. Aliligeuza juu ya magunia, na chini yake wote wakaona mistari ya masizi, mirefu, imejipanga pembeni pande zote mbili, mahali vile vitundu vilipokuwa vimezibwa. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Ondieki aliitazama ile mistari muda mrefu.

"Kazi ni safi mno," Sabir akamwambia, na hapakuwa na kejeli ndani yake. "Hilo ndilo kosa lake. Ungelikata vibaya kidogo tu, lingeacha nafasi, na mimi leo ningekuwa nyumbani nakula wali."

Ondieki akacheka kwa pua, kidogo. Na kicheko hicho, Nyakerario alisema baadaye, ndicho kilichomrudishia pumzi yeye.

Wakawasha bila jiwe. Moto ukakaa buluu. Wakangoja, wakangoja, ukaendelea kukaa, hauyumbi. Lakini oveni ilikuwa imefunguliwa wazi muda wote ule, imepoa, na ile ya zamani haipati moto kwa pupa. Nyakerario alichungulia nje. Jua lilikuwa limekwisha gusa migomba ya upande wa pili. Alirudi ndani na uso umemwanguka, akasema basi, tumechelewa.

 Mume wake alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe, bila kuligusa, akisikiliza joto lake. Tangu asubuhi kila moto uliowashwa na kufa ulikuwa umeliachia jiwe lile kitu. Akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa msumeno. Akaweka goti juu ya gunia lililokunjwa, akaanza kukata jiwe lake mwenyewe. Jiwe la sabuni ni laini, linakatika kama ubao mkavu, na vumbi lake lilijaa jikoni. Ukingo wa kwanza ukaanguka, ule alioung'arisha kwa jioni nyingi. Ukafuata wa pili. Akageuza, akakata na ule wa nyuma. Hakupima kwa kamba safari hii. Sabir alimshikia upande mmoja kwa gunia, meno yameumana kwa joto, aproni ya maua imegeuka nyeupe. Nyakerario aliwatazama wanaume hao wawili, na alimpenda mume wake siku hiyo kwa namna ambayo hata siku ya harusi hakumpenda.

Wakalipangusa kwa kitambaa, wakaliweka juu ya wavu wa chuma, katikati ya oveni, nafasi ya kutosha pande zote hewa ipite. Nyakerario akateleza mkate kutoka kwenye trei mpaka juu ya jiwe. Ulilia kidogo ulipogusa. Mlango ukafungwa. Mtu akitaka kujua muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani, amwulize Sabir, ambaye alikuwa akihesabu pia muda uliobaki kabla ya sala ya magharibi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya ngano tupu, bila moshi. Nyakerario akafungua. Mkate ulikuwa umeiva rangi moja kila mahali, ukingo kama katikati, mistari imesimama wazi. Akautoa. Akazima gesi. Nje jua lilikuwa bado linaonekana, ukucha wake tu, juu ya Suneka. Sabir akavua aproni na kutangaza kwamba alilijua tatizo tangu asubuhi ila alitaka kuwapa watu nafasi ya kusali. Akakimbilia pikipiki yake kabla hajajibiwa.

Kulikuwa na kipande cha pembeni, cha kuonja, kama ilivyokuwa desturi. Nyakerario alimpelekea Mama Persis kwenye kisahani, akasimama mbele yake kama mtoto wa shule. Mama Persis akakishika kwa vidole vyake vinavyotetemeka, kikamponyoka, akakishika tena. Nyakerario alitaka kumsaidia, akajizuia. Mama Persis akakitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu, macho yameelekea kwenye oveni yake ya zamani. Nje, kwa majirani, mtu alikuwa ameanzisha wimbo wa kufungua Sabato.

Mama Persis akainuka. Akakitoa kile kitambaa cheupe alichokuja nacho kuufungia mkate, akakiweka juu ya meza ya Nyakerario, akakinyoosha mikunjo.

"Ulaze hapa kwako," alisema. "Kesho utauleta wewe mwenyewe. Mimi sasa naweza kuzeeka."

Akachukua fimbo yake, akatoka mikono mitupu, Ondieki akimshika mkono kwenye ngazi. Nyakerario alibaki amesimama mbele ya meza, na akalia kwa sauti, bila kujificha, mpaka mume wake aliporudi.